Aliyekosa Udaktari Anasoma Nini?

ZUHURA: Karibu msikilizaji katika kipindi chetu kutoka hapa Tanga. Leo tunalo swali la mama mmoja wa Makorora, ambaye binti yake amemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB, yaani fizikia, kemia na bayolojia, akakosa nafasi ya udaktari wa binadamu, na sasa amechaguliwa kusoma bayolojia ya molekuli. Mama anauliza kama mwanawe ameangukia masalia. Mwalimu Bakari, wewe uliyefundisha bayolojia kwa muda mrefu, unamjibuje?

BAKARI: Ahsante, dada Zuhura. Hofu ya mama naielewa, maana kwetu mtoto akifaulu sayansi, mtaa mzima huanza kumwita daktari hata kabla ya matokeo kutoka. Lakini hayo si masalia. Daktari hufundishwa kumtibu mgonjwa aliyeketi mbele yake, ilhali anayesoma bayolojia ya molekuli hufundishwa kuuliza tulijuaje kwamba ugonjwa husababishwa na kitu fulani, na ushahidi wake una uzito gani.

ZUHURA: Na kwa miaka mitatu ya shahada hiyo husoma nini hasa?

BAKARI: Biokemia, fiziolojia, jenetiki, imunolojia, mikrobiolojia, takwimu, na mwishoni mradi wa utafiti. Orodha hiyo ipo kwenye kila kitabu cha mwongozo wa udahili, kwa hiyo sitaki tupoteze muda nayo. Afadhali tuuchukue ugonjwa mmoja unaofahamika katika nyumba nyingi za mkoa huu, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, tuone mwanafunzi anaufikia kwa njia gani.

ZUHURA: Tuuchukue huo.

BAKARI: Mwanafunzi akiwa maabara hupasua chembe nyekundu za damu ili himoglobini, protini inayobeba oksijeni, itoke, huweka tone dogo kwenye kipande cha utando kilicholoweshwa kimiminika chenye hali ya alikali, kisha hupitisha umeme. Himoglobini ya kawaida ina chaji hasi, kwa hiyo hukimbilia upande wa ncha chanya. Himoglobini ya selimundu huelekea huko huko, ila hubaki nyuma. Mwenye ugonjwa huonyesha mstari wa nyuma, asiye nao huonyesha wa mbele, na aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu huonyesha mistari yote miwili. Mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha tofauti hiyo ya mwendo mwaka 1949, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akabainisha chanzo chake: katika mnyororo mmoja wa protini hiyo, asidi amino, yaani kijenzi kimoja cha protini, iitwayo glutamati, yenye chaji hasi, imeondoka na nafasi yake imeshikwa na valini, isiyo na chaji.

ZUHURA: Yaani badiliko la mahali pamoja ndilo linalomlaza mtoto wodini kwa maumivu ya mifupa?

BAKARI: Ndilo. Valini ile huzifanya himoglobini zishikamane pale oksijeni inapopungua, chembe hujikunja kama mundu, na mishipa midogo huziba. Sasa fikiria mwanafunzi ameliona hilo kwa macho yake juu ya utando, kisha juma linalofuata, katika jenetiki, anaulizwa kwa nini kasoro yenye madhara makubwa namna hiyo haikufutika Afrika. Anthony Allison alitoa jibu mwaka 1954, kwamba anayebeba nakala moja tu ya jeni hiyo, aliyoirithi kwa mzazi mmoja, hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Biokemia, urithi na mbu wa Muheza vimekutana katika swali moja, na mimi huona hapo ndipo shahada hii inapoanza kunoga.

ZUHURA: Tukiwa kwenye urithi, nimewasikia watu wakisema kwamba wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, mtoto mmoja kati ya wanne ataugua, kwa hiyo aliyetangulia akiugua wale watatu wanaofuata wamesalimika.

BAKARI: Hilo limewaumiza wengi. Uwezekano ni asilimia 25 katika kila mimba, na mimba ya pili haina habari na yaliyotokea katika ya kwanza. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wasiikimbie takwimu. Chukua chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo majaribio yake ya mwisho yalifanyika katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na viwili kati ya hivyo vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, wakapata dozi nne, walipungukiwa na malaria kwa takribani asilimia 36 katika miaka minne hivi ya kufuatiliwa. Asiyesoma takwimu atasema chanjo hiyo imefeli, lakini aliyesoma atauliza kwanza ni watoto wangapi huugua kila mwaka, na hapo ataelewa kwa nini Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021.

ZUHURA: Mama lakini atarudi kwenye ajira, mwalimu.

BAKARI: Na ana haki. Nafasi zipo katika taasisi za utafiti, na mkoa wetu una vituo vya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Nyingi huwa za mikataba ya miradi, na anayetaka kupanda hulazimika kuongeza shahada ya pili. Jambo la kuangalia mapema ni hili: kupima sampuli za wagonjwa hospitalini huhitaji usajili wa kitaaluma, na njia yake ya kawaida ni masomo ya sayansi ya maabara za tiba, kama yale yanayotolewa Muhimbili. Binti akiwa anaitaka hospitali, asithibitishe nafasi aliyopewa kabla hajaliuliza baraza la wataalamu wa maabara kama shahada hiyo inamruhusu kusajiliwa.

ZUHURA: Na akiwa anautaka utafiti?

BAKARI: Athibitishe leo, kisha atafute daftari gumu la maabara na aanze kuirudia kemia yake ya kidato cha tano.