Maharage ya kwenye kikapu: mkaa kidogo, taka kidogo

Habari zenu watazamaji wangu, na wakubwa zangu shikamooni. Karibuni tena jikoni kwangu, hapa Tandika, Dar es Salaam. Leo tunapika maharage ya nazi, na yataivia humu, ndani ya kikapu hiki cha ukindu. Bibi zetu walifunika wali kwa makaa na matambara ukaiva polepole. Hili ni jambo la ukoo huohuo.

Kabla sijawasha jiko, nikwambie kwa nini nahangaika. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa hula kilo tano mpaka kumi za kuni. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, pale Kisarawe, imekatwa sana kwa ajili ya majiko ya jiji hili. Na vilima hivyohivyo ndiko Mto Msimbazi unakoanzia, ukashuka kupitia Jangwani mpaka baharini karibu na daraja la Salender. Mlima ukibaki upara, maji ya masika hayana kinachoyashika. Mafuriko yakija, wenzetu wa bondeni ndio wanaotoa magodoro nje. Kwa hiyo kila kopo la mkaa ninaloliacha dukani nalihesabu.

Hatua ya kwanza ilianza jana usiku. Nusu kilo ya maharage, chambua, osha, loweka kwenye maji mengi, maana yanavimba sana. Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Maharage makavu yasiyolowekwa ndiyo yanayomaliza mkaa. Ukiwa dukani uliza kama ni ya msimu huu, kwa sababu yaliyokaa muda mrefu hayalainiki upesi. Na uende na kopo lako lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vile vinailoni vyembamba vya kufungia bado tunarudi navyo nyumbani kila siku. Muuza duka wangu siku ya kwanza alishangaa, siku hizi ananyoosha mkono mwenyewe kupokea kopo.

Asubuhi mwaga maji ya kulowekea. Mimi nayamwaga kwenye mchicha, ule pale nyuma.

Hatua ya pili, andaa kikapu kabla hujawasha moto. Sogea uone. Chini nimelaza mto wa sufi. Pembeni nimeshindilia vitenge vikuukuu na vipande vya godoro, unene wa kiganja pande zote. Katikati nimeacha shimo la kutosha sufuria hii tu, isichezecheze. Juu utakuja mto mwingine. Siri ni kutoacha upenyo wa hewa, kwani joto hutorokea hapo.

Hatua ya tatu, moto. Tafadhali usiwashe jiko kwa nailoni. Najua inawaka haraka, lakini ule moshi mweusi una sumu na watoto wako hapohapo wanauvuta. Tumia kifuu cha nazi. Kinawaka vizuri chenyewe. Weka maharage na maji mapya, yazidi maharage kwa vidole vitatu, na sufuria iwe imejaa karibu hadi juu, maana sufuria nusu tupu inapoa upesi. Funika. Yakianza kutokota, hesabu dakika 20 za kuchemka kwa nguvu. Hapa nakuomba usipunguze hata kidogo: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoondolewa na mchemko mkali, na joto la kikapu peke yake haliiwezi.

Hatua ya nne ndiyo inayotaka wepesi. Epua bila kufungua mfuniko. Futa kitako cha sufuria vizuri, angalia kama kuna kaa la moto limeng'ang'ania, kwa sababu linaweza kuunguza kikapu na nyumba. Vingirisha kitambaa, ingiza, laza mto juu, kandamiza. Sasa ondoka. Acha kwa muda wa saa tatu mpaka nne, na usichungulie, kila ukifunua unaanza upya.

Makaa yaliyobaki jikoni yana kazi. Mimi nateleka birika kubwa, nachemsha maji ya kunywa, yakipoa yanaingia kwenye mtungi wa udongo. Mtungi unatoa jasho na maji yanakuwa baridi bila friji. Asubuhi kila mtoto anajaza chupa yake ya kwenda nayo shule. Zile chupa za maji za kutupa ndizo tunazoziona zimeziba mitaro mvua ikinyesha. Ukibanwa na kiu mjini, kuna dafu: chombo chake ni ganda lake, na ukimwambia muuzaji akukatie vizuri huhitaji mrija. Au kahawa chungu ya barazani, kikombe kinaoshwa, anakunywa mwingine. Huo ni utaratibu wa wazee wetu na ninautamani urudi hata kwenye vibanda vya chai.

Mtu atauliza nyama. Sikukatazi. Ila ng'ombe akicheua anatoa gesi ya methani inayopasha dunia joto, kwa hiyo nyumbani kwangu nyama ni ya Ijumaa, na siku nyingine ni maharage, kunde, choroko au dagaa.

Wakati tunasubiri, maganda. Chakula kikifukiwa chini ya lundo la taka kule dampo la Pugu kinaoza bila hewa, nacho kinatoa methani hiyohiyo. Maganda ya ndizi, vitunguu na mchicha nayaweka kwenye gunia lililotobolewa, tabaka la maganda, tabaka la udongo mkavu. Likinuka, udongo umepungua, ongeza. Machicha ya nazi yanaenda kwa kuku wa jirani.

Haya, saa tatu na nusu zimepita. Tunafungua. Umeuona mvuke? Bonyeza punje moja: imepondeka. Ukikuta sufuria ni vuguvugu tu, irudishe motoni papo hapo, na usiilaze humu usiku kucha.

Hatua ya mwisho, rudisha jikoni kwenye makaa machache. Kitunguu, nyanya, chumvi, kisha tui jepesi. Yakichemka vizuri tena, mimina tui zito, koroga bila kuacha lisikatike. Likianza kutoa mapovu pembeni, epua. Wali wake uko kwenye kikapu cha pili, ulichemka dakika tano tu. Pakua kidogo kwanza, anayetaka ataongeza, na kitakachobaki ni kiporo cha kesho asubuhi na chai.