Kabla Hawajajipanga: Mhadhara kwa Wapigapicha wa Ridhaa

Ndugu zangu, hamjambo. Nashukuru mmeacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza. Mimi sijaajiriwa kupiga picha. Napiga kwa mapenzi tu, na karibu picha zangu zote ni za watu ninaoishi nao. Leo nimekuja kuzitetea picha ambazo wengi wetu hatuzipigi.

Fungueni albamu ya familia yoyote. Mtakuta harusi, mahafali, siku za kuzaliwa. Watu wamejipanga, warefu nyuma, wafupi mbele, macho yote kwenye kamera. Picha hizo zina haki yake na tusiache kuzipiga. Lakini tafuteni humo baba akinyoa ndevu, au watoto wakigombania upande wa kitanda, au mama akisaka miwani iliyo juu ya kichwa chake mwenyewe. Hamtaziona. Ukiiamini albamu, familia nzima iliishi ikiwa imevaa nguo za kutokea.

Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, aliielekeza kamera yake dirishani, akapiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple mjini Paris. Mtaa ule ulikuwa na pilikapilika za watu na magari ya farasi, lakini kwenye picha uko mtupu. Bamba la chuma lililokuwa mahali pa filamu lilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga, kwa hiyo aliyekuwa anatembea hakuacha alama. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishwa viatu, pamoja na yule aliyekuwa akimng'arishia. Hao wawili ndio wanaohesabiwa kuwa watu wa mwanzo kunaswa na kamera. Mimi hilo hunigusa kila nikilikumbuka: binadamu wa kwanza tunayemwona kwenye picha yuko katikati ya shughuli ndogo ya siku yake, wala hajui kwamba anapigwa.

Baada ya hapo ilibidi watu wafundishwe kutulia. Studio zilikuwa na vyuma vya kushikilia shingo nyuma ya kiti ili kichwa kisitikisike. Kisha mwaka 1888 Mmarekani George Eastman akaleta kamera ya Kodak, ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Ukizimaliza, unairudisha kamera nzima kiwandani mjini Rochester, Marekani, wanasafisha picha, wanakuwekea filamu nyingine. Tangu hapo mtu asiye fundi akaweza kupiga picha nyumbani kwake. Vyuma vya shingo viliondoka, ila desturi ya kusimama wima mbele ya kamera tukabaki nayo. Leo simu inapiga kwa sehemu ndogo ya sekunde, na bado tunawaambia watoto "tulia, angalia hapa".

Mtu wa ridhaa ana jambo moja ambalo fundi wa kulipwa hawezi kulinunua: yuko pale. Fundi anakuja kwa saa mbili, na kwa saa mbili hizo kila mtu ana adabu. Wewe upo asubuhi watu hawajachana nywele, upo jioni wamechoka. Mfaransa Jacques Henri Lartigue, aliyezaliwa mwaka 1894, alipewa kamera na baba yake akiwa mtoto, akaanza kupiga jamaa zake wakicheza na kurukaruka. Ipo picha yake ya mwaka 1905 ya binamu yake akiruka ngazi, ameganda hewani na gauni lake refu. Aliendelea hivyo maisha yake yote huku akijiita mchoraji. Jumba la sanaa la MoMA la New York lilionyesha picha zake mwaka 1963, yeye akiwa anakaribia miaka 70. Mtoto yule alikuwa ndani ya nyumba, na ndugu zake walikwisha kumzoea.

Kuzoeleka huko kunajengwa. Kamera iweke mezani ionekane, siyo kwenye begi. Piga kidogo, piga mara kwa mara, na usiwaambie watu wacheke. Wakigeuka kukutazama, ishushe, ongea nao, subiri. Baada ya muda watarudi kwenye mambo yao, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Tuitazame hii niliyoileta. Ni mama yangu anatia uzi kwenye sindano. Uzi ameukata kwa meno, ameulowesha kwa ulimi, sasa ameinua sindano kuelekea dirishani. Jicho moja amelifumba, mdomo ameuvuta upande. Mapajani ana shati lililotoka kifungo, na hapa pembeni mnaona vidole vya mjukuu wake vimeshika mkono wa shati, mwenyewe yuko nje ya fremu, anangoja. Ninazo picha nyingi za mama akitabasamu vizuri. Kwenye hii namwona mama yangu.

Kiufundi haina ugumu. Dirisha liko ubavuni mwake, na taa ya dari niliizima, kwa sababu mwanga wa balbu ukichanganyika na wa mchana ngozi inapata rangi mbili. Flashi sikuiwasha, ingefuta vivuli vyote vya uso ule. Lenzi ilifunguka f/2.8, yaani tundu lake pana la kuingiza mwanga mwingi, kasi 1/125 ya sekunde. Kwa mtu aliyekaa inatosha. Kwa mtoto anayekimbia nenda 1/500 au zaidi, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, ipande inavyotaka. Chengachenga kwenye picha zinavumilika, lakini picha iliyotikisika ndiyo imekwenda. Wenye simu, msogezeni mtu karibu na dirisha, gusa uso wake kwenye kioo ili simu ipime mwanga wa pale, kisha futa lenzi. Nasisitiza, futa lenzi: picha nyingi zenye ukungu ni mafuta ya vidole tu.

Na pigeni magoti. Mtoto akipigwa kutoka juu anaonekana utosi na sakafu. Ukishuka hadi usawa wa macho yake unaona kile anachokiona yeye: miguu ya meza, magoti ya watu wazima. Vitu vilivyotapakaa nyuma yake usiviondoe vyote. Kiatu kimoja sakafuni na daftari lililofunguka ndivyo vitakavyotazamwa kwa hamu baadaye.

Kuna mahali pa kuacha. Mtu akisema hapana, ni hapana, hata akiwa na miaka sita. Mtoto anayeoga, mgonjwa, mtu anayelia, hao picha yao ukiipiga ibaki nyumbani, isirushwe kwenye makundi ya simu. Wanafamilia wanakuruhusu kwa sababu wanakuamini, na imani hiyo ikivunjika mara moja watajipanga mstari kila wakikuona na kamera.

Jambo lingine ninalolionea uchungu: mpigapicha hayumo. Nyumba nyingi zina mtu mmoja mwenye kamera, na miaka inapita hana picha hata moja akiwa na wanawe. Mpe mtoto kamera. Atakata vichwa, atapiga dari, na katikati ya hizo atakupiga wewe ukimwinamia.

Mwisho ni utunzaji. Picha zisikae kwenye simu moja. Ziwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kila mwaka chagueni chache mkazisafishe kwenye karatasi. Nyuma ya kila moja andikeni nani, wapi, mwaka gani, na alikuwa akifanya nini. Karatasi za zamani zinapokea penseli laini, ukiandika bila kukandamiza. Za kisasa zenye tabaka la plastiki hazishiki penseli. Tumieni kalamu maalumu ya picha na muuache wino ukauke kabla ya kuzipanga.

Nilikuwa nimewaomba mje na picha moja ya zamani kutoka nyumbani. Penseli na kalamu ziko hapa mezani. Mliokuja na wazee wenu, kaeni nao hapa mbele, waulizeni majina na muandike wakiwa wanataja. Maswali ya kamera tutayajibu huku tukiendelea.