Msiruke ile miaka 16

Dada zangu, kaka zangu, asanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja, bado mmevaa sare. Kila nikialikwa kuzungumza na wauguzi wetu wa hapa Dallas huwa namzungumzia mtu mmoja, na leo sibadilishi. Kituo cha treni cha Union Station mnakijua. Jina kilichopewa ni la muuguzi.

Eddie Bernice Johnson. Wanaomwandika huanzia 1972, alipochaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Texas, mwanamke Mweusi wa kwanza wa Dallas kuchaguliwa kushika wadhifa wa umma. Kisha Seneti ya jimbo mwaka 1986, kisha Washington, muuguzi wa kwanza mwenye leseni kuchaguliwa Bunge la Marekani. Uuguzi wenyewe hupewa nusu sentensi. Linaniudhi hilo, nimelisema mara nyingi na nitalirudia.

Alizaliwa Waco, Texas. Ubaguzi ulimfanya aondoke Texas kwenda kusomea uuguzi Indiana. Akaajiriwa hospitali ya askari wastaafu hapa hapa Dallas, na walimwajiri bila kumwona. Alikuwa ameahidiwa chumba kwenye makazi ya wauguzi. Alipofika, wakaona rangi yake, chumba kikafutwa.

Sasa sikilizeni hili. Alisimulia mwenyewe kwamba kabla hajaingia kwa mgonjwa, wakubwa walimtangulia chumbani kumhakikishia mgonjwa kwamba huyu anayekuja amehitimu. Hebu jiwekeni pale. Umesimama koridoni na trei ya dawa, mlango uko wazi nusu, wewe unajadiliwa mle ndani. Kisha unaingia, unamsalimia mgonjwa, unamshika mkono kuhesabu mapigo yake.

Mimi kuna mgonjwa aliwahi kuniambia nimwitie "nesi mwenyewe", kisa lafudhi yangu. Nilijifungia kwenye stoo ya mashuka nikalia dakika tano, nikarudi kumbadilishia dripu. Kwangu ilikuwa siku moja. Mama Johnson alibaki hospitali ile kama miaka 16, akapanda mpaka kuwa muuguzi mkuu wa magonjwa ya akili. Na wodi ya akili tunaijua. Unamsikiliza anayepiga kelele mpaka ujue anaogopa nini. Humwahidi usichoweza kumtimizia, maana kesho atakukumbusha. Kwenye chati unaandika ulichokiona, si ulichosimuliwa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba alijifunza kazi ya ubunge baada ya kuapishwa!

Najua kuna anayesema moyoni, "Siasa mchezo mchafu, mimi ni muuguzi tu." Hiyo "tu" siitaki. Nani anaamua muwe wangapi kwenye zamu? Mwaka 2009 Texas ilipitisha sheria kwamba kila hospitali iwe na kamati ya kupanga idadi ya wauguzi, na angalau asilimia 60 ya wajumbe wawe wauguzi wanaohudumia wagonjwa wenyewe. Sheria hiyo hiyo inakataza kukulazimisha kuunganisha zamu, isipokuwa kwenye dharura kama maafa. Nyosheni mikono, nani anawajua wajumbe wa kamati ya hospitali yake? Naona minne. Ukumbi wote huu, minne!

Mwingine atasema mama yule alikuwa na uwezo. Uwezo gani? Mtumishi wa serikali ya shirikisho haruhusiwi kugombea kwa tiketi ya chama, kwa hiyo ilibidi aache kazi. Na mbunge wa bunge la jimbo la Texas mpaka leo analipwa dola 600 kwa mwezi, pamoja na posho za vikao. Bunge lenyewe hukaa siku 140 kila baada ya miaka miwili. Mwanasheria ataiachia ofisi yake wenzake. Wewe wa zamu utamwachia nani kodi ya nyumba? Ndiyo maana nimeomba chama chetu cha wauguzi kiwe na mfuko wa kumchangia muuguzi atakayegombea, na nitaendelea kuomba mpaka mchoke.

Wewe wa kadi ya kijani, kura bado huna, sawa. Lakini kamati za bunge la jimbo kule Austin, makao makuu ya Texas, huwasikiliza watu wa kawaida. Unajiandikisha siku ya kikao, unasimama, unaeleza ulichokiona wodini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kueleza alivyowaongoza wanawake kususia maduka ya Dallas, na alivyoishia kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Sayansi kule Washington mwaka 2019. Sitaweza. Wala sijamgusa Donna Howard, muuguzi wa wagonjwa mahututi aliyeingia bunge la Texas 2006, wala Stephanie Klick, muuguzi pia aliyekuwa mbunge huko, wa chama kingine kabisa, Republican. Mama Johnson alitutoka tarehe 31 Desemba 2023.

Waliotoka usiku, nendeni mkalale. Wengine, karatasi ya kujiandikisha kwa safari ya Austin iko kwa katibu, meza ile karibu na mlango.