Ukuta wa Udongo wa Kukanda: Tuanze na Kupima Udongo

Karibuni. Leo tunajenga ukuta kwa udongo wa mfinyanzi, mchanga, nyasi kavu na maji, bila tofali wala fremu ya miti. Ila tusikimbilie kukanda. Kuta nyingi za udongo huharibika kwa sababu mjenzi hakuujua udongo wake.

Chimba, kisha weka kando ule udongo mweusi wa juu. Una mboji, nayo ikioza huacha matundu ukutani. Tunautaka wa chini yake. Jaza udongo huo theluthi moja ya chupa ya kioo, ongeza maji hadi karibu ijae, tia chumvi kidogo, funga, tikisa kwa nguvu, halafu iache itulie.

Sogeeni muone. Hapo chini mchanga umeshatua, na ni dakika chache tu. Chembe laini zinazofuata zitachukua saa kadhaa. Mfinyanzi ndio huo unaoyafanya maji yawe na rangi ya chai ya maziwa. Huo mpe siku nzima au zaidi. Ukishatua, pima kila tabaka kwa rula. Mfinyanzi ukiwa asilimia 15 hadi 25, na sehemu kubwa iliyobaki ni mchanga, umepata. Ukizidi, ukuta utapasuka ukikauka, basi ongeza mchanga. Chagua wenye chembe kali zinazoshikana. Wa ufukweni uacheni, una chumvi.

Sasa tandaza turubai, mwaga udongo na mchanga, tia maji kidogo kidogo, kanyaga. Vuta ncha ya turubai ili mchanganyiko ujigeuze, kanyaga tena. Nyasi zije mwishoni: mabua makavu ya ngano au mpunga, yaliyo marefu. Finyanga donge la ukubwa wa ngumi, liachie kutoka usawa wa kiuno. Likisambaratika, ama ni kavu mno ama mfinyanzi haukutosha. Likitandazika, maji yamezidi. Likibonyea kidogo tu na kubaki zima, anza kujenga.

Msingi uwe wa mawe, uinuke angalau sentimita 45 juu ya ardhi. Ukuta uanze na unene wa sentimita 45 hadi 60, upungue unavyopanda. Kwa siku usizidishe kimo cha sentimita 30 au 40. Ukiona ubavu unafura, simama. Toboa matundu juu kwa kijiti ili tabaka la kesho lishike, na nyoosha pande kwa panga kabla hazijakauka. Linta ya mlango, yaani boriti inayolala juu ya uwazi wake, ikalie ukuta walau sentimita 20 kila upande.

Paa litokeze sentimita 60 hivi. Kule Devon, Uingereza, nyumba za namna hii zimedumu karne kadhaa kwa msingi mrefu na paa pana, na baadhi ziliharibika baada ya kupigwa lipu ya saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, udongo ukalainika na kuporomoka. Nawasihi, tumieni lipu ya udongo au ya chokaa.

Lakini kwanza ukuta ukauke mpaka ndani, na kwa unene huu ni kazi ya miezi. Ukishakauka, chubua uso wake, nyunyizia maji, ndipo upige lipu, tabaka jembamba moja baada ya jingine.