Nani Anapanga Ratiba ya Saa Mbili Usiku?

Wakubwa shikamooni. Wadogo zangu, habari za jioni.

Mratibu amenitambulisha kuwa mtaalamu wa vyombo vya habari. Nimemwacha amalize, maana si adabu kumkatiza mtu anayekusifia. Lakini niseme kweli: kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kupanga ratiba katika kituo kimoja cha televisheni hapa mjini. Nilikuwa na karatasi kubwa yenye mistari, penseli na ufutio. Katuni hapa, muziki pale, tamthilia baada ya hapo. Mstari mmoja tu ndio ulioandikwa kwa kalamu ya wino: taarifa ya habari, saa mbili kamili usiku. Huo haukuguswa. Tukichelewa dakika tatu, dada wa mapokezi alikuwa anapokea simu mpaka anaziacha ziite.

Ilikuwa kazi yenye madaraka ya ajabu kwa mtu mwenye mshahara kama wangu. Kuna mwaka nilihamisha tamthilia moja ya Mexico kutoka saa tatu usiku kwenda saa moja na nusu jioni. Wiki haijaisha, mama yangu mdogo anapiga simu kutoka Temeke: "Wewe mtoto, umeniunguzia maharage!" Alikuwa anapika kwa saa zangu. Na si yeye peke yake. Ukipita uchochoroni muda ule unasikia sauti ileile, ya mwigizaji yuleyule, ikitoka dirisha hili na lile mpaka mwisho wa mtaa.

Jioni hii nataka tuitafute ile karatasi iko wapi sasa.

Tuanze mbali kidogo. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi Bara tukiwa na redio tu. Serikali iliiona televisheni kuwa anasa. Bara tumeipata mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha, ITV ikiwa mojawapo, na ya Serikali ikaja nyuma yao. Kwa hiyo mtu wa Dar mwenye miaka hamsini leo aliiona televisheni ya nyumbani akiwa kijana mzima, na wengi wetu tuliiona kwa mara ya kwanza dirishani kwa jirani. Mimi niliiona Magomeni, nimesimama juu ya ndoo. Mwenye nyumba alikuwa mwungwana, pazia alilifunga siku tukizidi kelele tu.

Vijana mliopo hapa hamuijui kazi ya antena. Antena imefungwa kwenye bomba, bomba limefungwa kwenye mti wa mwembe, na katikati ya matangazo picha inaingia chenga. Mmoja anatoka nje kuzungusha bomba, mwingine anabaki ndani anapiga kelele: "Hapohapo! Umepitiliza! Rudi! Sasa shikilia!" Na kweli kuna aliyeshikilia mpaka taarifa ya habari ikaisha, yeye hajaona kitu. Chenga ilikuwa na huruma. Picha ilififia, lakini uliweza kubahatisha. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, chenga ilikufa pamoja nayo. Ukabaki na king'amuzi: ama picha safi, ama imeganda na mdomo wazi. Watu wenye TV za chogo walihangaika kutafuta ving'amuzi kama wanatafuta maji ya DAWASCO. Lakini angalieni, hata baada ya mageuzi yale makubwa, karatasi yangu ilibaki palepale. Saa mbili ilikuwa saa mbili.

Kilichoichana kilipita chini ya bahari. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu, mwaka uliofuata EASSy, na intaneti iliyokuwa ikishuka kwa tabu kutoka kwenye satelaiti ikapata barabara. Simu za kupangusa zikafuata. Januari 2016 Netflix ilifungua milango kwa mkupuo katika nchi 130, Tanzania ikiwamo. Kampuni ile ilianzishwa mwaka 1997, ikaanza na kukodisha DVD kwa njia ya posta, kisha ikaanza kuonyesha mtandaoni mwaka 2007. Wataalamu wetu wa lugha wametupa neno "kutiririsha". Neno zuri, nimelitumia kwenye barua ya kuomba ukumbi huu. Kariakoo hulisikii. Kariakoo mtu "anacheki mtandaoni", basi.

Huko Marekani hadithi imefika ukurasa wa mwisho. Mwezi Mei 2025, wapimaji wa Nielsen walikuta kwamba muda ambao Wamarekani wanautumia kuangalia mtandaoni umeupita muda wa televisheni za kawaida na za kebo zikijumlishwa pamoja: asilimia 44.8 kwa 44.2. Ni mara ya kwanza. Na maelezo yanayotolewa huwa ni kwamba mtazamaji sasa ni mfalme, anaangalia anachotaka, saa anayotaka.

Hapo ndipo ninapokataa. Huko kwao sijui nani mfalme. Hapa Dar, aliyechukua penseli yangu namjua kwa jina. Anaitwa bando.

Tupige hesabu ndogo. Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida inakula takriban GB 1 kwa saa, na picha kali inaweza kufika GB 3. Saa moja kila usiku, kwa picha ya kawaida, ni GB 30 kwa mwezi. Mwenye waya wa faiba nyumbani hata haoni. Dada anayeuza vitumbua Mbagala ananunua bando la siku, au la wiki akijaliwa, na ndani ya bando hilo kuna wateja wa WhatsApp, kuna mtoto wa shule, kuna kumtumia mama picha kijijini. Tamthilia inapata makombo. Mnakumbuka tarehe 2 Aprili 2021, vifurushi vipya vilipotangazwa na bei zikapaa? Nchi ilipiga kelele mpaka vikasitishwa. Sijawahi kuona watu wakikasirikia televisheni kiasi kile, hata siku ile tulipokata fainali katikati kwa bahati mbaya.

Mpwa wangu alikuwa anategesha alamu saa sita na dakika tano usiku. Anaamka, ananunua bando la usiku kwa sababu ndilo la bei nafuu, anapakua vipande vitatu, analala. Asubuhi ananiangalia na macho mekundu ananiambia, "Anko, siku hizi hatufuati ratiba ya mtu." Saa sita na dakika tano, kwa alamu! Mimi sikuwahi kumwamsha mtu usiku wa manane.

Mwingine aliyechukua penseli yangu anakaa kwenye kibanda cha futi sita kwa sita, karibu na kituo cha daladala. Kuna kompyuta, kuna feni, kuna hard disk tano zimepangwa kama sahani, na nje kuna bango: TUNAWEKA MUVI NA SEASON KWENYE FLASH NA SIMU. Tunapaita laibrari. Kijana huyu ananunua bando kubwa mara moja au anaungwa kwenye faiba ya mtu, anashusha vitu vya dunia nzima, kisha mtaa mzima unachota kwake. Kuhusu haki za wenye kazi, tusidanganyane: hakuna senti inayorudi kwao, na waigizaji wetu wameumia kwa mtindo huu kuliko Hollywood. Hilo nalisema wazi. Lakini kama mpangaji mstaafu wa ratiba, nilikwenda kumwangalia anavyofanya kazi, nikavua kofia.

Alikuja mama mmoja na flash ya GB 8. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Ile ya wiki iliyopita sikuipenda, kulia tu." Kijana hakumuuliza jina la filamu. Alimuuliza: "Ya Kituruki au Kikorea? Iliyotafsiriwa?" "Iliyotafsiriwa, mimi macho ya kusoma chini sina." Akaingiza, akatoa flash, akamwambia: "Hii ina kulia, lakini mama mkwe anapatikana na hatia mwishoni." Mama akalipa akicheka. Mashine za kupendekeza za kampuni kubwa zinajua ulichobonyeza. Huyu anajua ulichokilalamikia.

Na msikie neno lile, "iliyotafsiriwa". Watu wa takwimu hulipita. Enzi za vibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, tulipokaa kwenye mabenchi gizani, jasho likitiririka, filamu za Kichina na Kihindi hazikuwa na maana bila msimulizi. Marehemu Lufufu akishika maikrofoni, jambazi wa Hong Kong alikuwa anaongea kama mpiga debe wa Ubungo, na ndicho kilichotujaza. Mwaka 2011 TBC ikaonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, imetiwa sauti za Kiswahili, na ikashika nyumba kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipohutubia hapa Dar Machi 2013 aliitaja. Baadaye Azam wakaja na Waturuki wao wanaoongea Kiswahili fasaha kuliko wabunge. Mtazamaji wa mji huu anafuata lugha kabla ya kufuata mtambo. Wauzaji wa filamu mtandaoni wanaoshangaa kwa nini wanaolipia ni wachache wangeanza kujiuliza hapo, kisha waje kwenye bei.

Upande wa maudhui yetu wenyewe nitapita haraka, maana mwenzangu ataongea wiki ijayo. Vichekesho na tamthilia ndogo za YouTube zinatengenezwa Sinza na Tabata kwa simu mbili na taa moja, na zinaangaliwa kuliko vipindi nilivyovisimamia vyenye gari la matangazo. Televisheni za mtandaoni, tangu kanuni za mwaka 2018, zinatakiwa kuwa na leseni, na ukienda kwenye mazishi ya msanii yeyote utaona msitu wa vipaza sauti vyenye nembo usizozijua. Inatosha.

Nimalizie na mpira, kwa sababu mpira ndio uliobaki kwenye ile karatasi yangu. Huwezi kuupakua saa sita usiku.

Tarehe 5 Novemba 2023, Simba na Yanga. Nilikuwa nyumbani Sinza, nina simu mkononi, nimejisifu kwa wanangu kwamba dishi la nini, baba yenu yuko mtandaoni. Mapumziko, bao moja kwa bao moja. Timu yangu siitaji, mtaisoma usoni. Kipindi cha pili, kwenye simu yangu mpira uko katikati ya uwanja, mtu anarusha wa pembeni, hakuna hatari yoyote. Mara nyumba ya pili, yenye dishi, ikalipuka. Mabati yanapigwa. Nikaangalia simu: mpira bado wa kurusha. Nikakaa karibu nusu dakika namwangalia kipa wangu ambaye yeye hajui, beki hajui, mtangazaji hajui, mimi najua. Bao likaingia, nami nilishamaliza kuhuzunika. Likatokea hivyo la tatu, la nne, la tano. Nilifungwa kila bao mara mbili.

Nilimuuliza fundi mmoja sababu, akanieleza vizuri. Picha ya dishi inapanda mpaka satelaiti iliyo umbali wa kilomita kama 36,000 na kushuka, na safari hiyo inakula robo sekunde hivi. Ya mtandaoni inakatwa vipande vya sekunde chache chache, kila kipande kinapikwa kwa ubora tofauti ili simu ichague kulingana na kasi ya mtandao, halafu simu inaweka vipande kadhaa akibani kabla ya kuonyesha, isije ikakwama. Kila akiba ni kuchelewa. Ile inayokwenda angani inarudi kabla ya hii inayopita kwenye waya wa mtaani.

Siku hiyo nilielewa ile karatasi ilikuwa ya kazi gani. Haikuwa nzuri, nilipanga vipindi vibovu vingi na Mungu anisamehe. Lakini ilitufanya tushtuke kwa pamoja. Usiku wa tarehe 17 Machi 2021, Mama Samia alipotangaza kwenye TBC kifo cha Rais Magufuli, mimi, mtu wa televisheni, nilipata habari kwa klipu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nilipofungua mlango, mtaa ulikuwa unatoka nje mmoja mmoja, kila mtu na simu yake, kila mmoja dakika yake. Wa kwanza alikuwa analia, wa tatu bado anauliza kuna nini.

Sasa angalieni wanachofanya vijana siku ya dabi. Wana simu, wana bando, programu wanazo, na bado wanatoa 1,000 kwenda kubanana kwenye kibanda chenye dishi na benchi lisilo na mgongo. Nilimuuliza mpwa wangu, yule wa alamu, kwa nini. Akasema, "Anko, nyumbani naambiwa bao na jirani."

Mratibu ananionyesha saa. Naona pia kuna simu tatu zinawaka chini ya meza upande ule, na mmoja wenu ameshika kichwa, kwa hiyo ama amefungwa ama bando limekata. Tuambie matokeo, kaka, halafu tuchukue maswali.