Huyu Bibi Anaitwa Nani? Mhadhara juu ya Glenda Jackson

Shikamooni wakubwa wachache niliowaona, na vijana hamjambo. Nimepewa dakika arobaini. Walionisikia mwaka jana wanajua dakika arobaini zangu huwa ndefu kiasi gani.

Kwenye ratiba mwenyekiti ameandika kwamba nitazungumzia maisha na kazi ya Glenda Jackson, mwigizaji wa Uingereza. Haya. Alizaliwa Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukiwa Liverpool, tarehe 9 Mei 1936. Baba fundi mwashi. Mabinti wanne nyumbani, yeye ndiye kifungua mimba. Jina la Glenda alipewa kwa heshima ya nyota mmoja wa Hollywood, Glenda Farrell, kwa hiyo wazazi ndio walioanza. Mengine ya utotoni mtasoma wenyewe, simu mnazo. Mimi nimekuja na jambo langu moja, na naona huko nyuma kuna watu wameshaanza kucheka kwa sababu wanalijua.

Mwaka 2016, ana miaka 80, huyu mama alipanda jukwaani Old Vic, London, akacheza King Lear ya Shakespeare. Si binti yake Lear. Si yaya wa nyumba. Lear mwenyewe, mfalme. Na alikuwa hajakanyaga jukwaa kwa karibu robo karne. Mwalimu Nyerere alitutafsiria Julius Caesar na Mabepari wa Venisi, hii hakuigusa, kwa hiyo wengine mnaisikia kwa jina tu. Ni mchezo wa zaidi ya saa tatu. Mzee anawagawia mabinti nchi yake, mabinti wanamfungia mlango, anapigwa na mvua usiku kucha akiutukana upepo, na mwisho anaingia amebeba maiti ya binti yule mmoja aliyempenda kweli. Waigizaji wa Uingereza wana utani wao wa zamani: ukipewa Lear, hakikisha kwanza Cordelia, huyo binti wa kubebwa, ni mwepesi. Huo ni utani wa wanaume wenye migongo yao mizima. Sasa mpe bibi wa miaka 80.

Swali langu ni hili. Kwa nini mfalme? Mwigizaji mwenye Oscar mbili, akitaka kurudi jukwaani na kazi yenye uzito wa umri wake, kwa nini alazimike kuazima nguo za mwanamume aliyeandikwa zaidi ya miaka 400 iliyopita? Kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwandikia bibi wa namna hiyo. Yeye mwenyewe alilisema hili miaka nenda rudi, mpaka waandishi wa habari wakachoka kumwuliza: watunzi wa tamthilia wa siku hizi hawana habari na wanawake. Mwanamke wanamweka pembeni, hawamfanyi injini ya mchezo.

Niacheni niseme la kwangu kidogo. Miaka kadhaa nyuma nililetewa mswada. Kampuni siitaji, vijana wenyewe wazuri tu, walinilipa hata nauli. Nikafungua ukurasa wa kwanza, orodha ya wahusika. Kuna Zawadi, kuna Kelvin, kuna rafiki yake Kelvin, kuna mlinzi wa getini, na mlinzi naye kapewa jina. Mimi nimeandikwa BIBI. Kwa herufi kubwa, labda ndiyo heshima yenyewe. Nikahesabu maneno yangu: tukiondoa kukohoa, sentensi nne. Ya kwanza, "Mjukuu wangu." Ya pili, "Mjukuu wangu, mimi nimeona mengi." Ya tatu ni laana. Ya nne sikuifikia vizuri, kwa sababu maelekezo yalisema Bibi anakata roho katikati ya sentensi. Siku ya mazoezi nikamwuliza mwandishi, "Mwanangu, huyu bibi anaitwa nani?" Akanitazama kama nimemwuliza jina la mkeka niliokalia. Nikaendelea: kabla ya kukaa hapa kukohoa alikuwa anafanya kazi gani? Ameshawahi kuiba? Ana deni la mtu? Anamchukia nani hapa mtaani? Yule kijana, Mungu ambariki, akajibu, "Mama, yeye ni bibi tu."

Bibi tu! Basi hapo ndipo nilipo tangu siku hiyo, na ndiyo maana nawachosha na Glenda Jackson.

Angalieni kichekesho cha maisha yake. Alitoka shule na miaka 16, akakaa miaka miwili nyuma ya kaunta ya duka la dawa la Boots, huku jioni akiigiza na kikundi cha wapenzi wa maigizo. Kaunta, mnanielewa? Unamwona mtu anaingia, unajua anaumwa nini kabla hajasema, na unajua anadanganya nini. Hakuna somo la uigizaji linaloshinda hilo. Akapata ufadhili wa kwenda RADA, kile chuo chao kikubwa cha maigizo cha London. Na kule mkuu wa chuo akamwambia asitegemee kazi nyingi kabla ya kufika miaka 40. Sura yako si ya binti wa hadithi, ni ya mtu mzima, subiri. Miaka iliyofuata ilielekea kumpa mkuu haki yake: kazi za majukwaa ya mikoani, miezi mingi bila kazi, kurudi kuuza dukani.

Halafu 1964 mwongozaji Peter Brook akamchukua kwenye kundi lake la Royal Shakespeare Company. Katika mchezo wa Marat/Sade alicheza Charlotte Corday, yule aliyemuua Marat, mwanamapinduzi wa Ufaransa, ndani ya beseni la kuogea. Kuna mahali Corday anapaswa kumchapa viboko Sade, yule mwandishi wa Kifaransa. Kiboko hakikuwepo. Alimchapa kwa nywele zake mwenyewe, nywele ndefu, anazirusha kichwa kizima kinazunguka, zinatua mgongoni kwa mtu. Hakuna gharama hapo, vijana wa bajeti. Ni shingo na akili.

Alipopata Oscar ya kwanza mwaka 1971, kwa filamu ya Women in Love, alikuwa na miaka 34. Ya pili, 1974, kwa A Touch of Class, alikuwa 37. Zote mbili hakwenda kuzichukua. Kwa hiyo aliyeambiwa asubiri arobaini alikuwa amemaliza kabati la tuzo kabla ya arobaini, na alipoifika hiyo arobaini, ahadi ya mkuu wa chuo ikageuka: sasa ndipo kazi nzuri zikaanza kupungua.

Najua mtaniambia nini. "Mama, watazamaji wanataka sura changa." Nalisikia hili kila mwaka, na kila mwaka najibu vilevile. Mwaka huohuo wa 1971 BBC ilionyesha Elizabeth R, sehemu sita, Malkia Elizabeth wa Kwanza tangu msichana aliyeponea chupuchupu kukatwa kichwa mpaka kikongwe kinachokataa kulala kitandani kisije kikafa. Glenda alinyoa nywele za mbele mpaka nusu ya utosi ili paji la uso liwe la malkia yule. Rangi nyeupe usoni, meno yaliyooza, mikunjo. Watu wakakaa mbele ya televisheni Uingereza, wakakaa Marekani, wakampa Emmy mbili, zile tuzo za televisheni za Marekani. Sasa sura changa iko wapi hapo? Watazamaji walimpenda kikongwe, wala hawakugoma. Ila kikongwe yule alikuwa wa kupakwa, ndani yake mna mama wa miaka 34. Uzee wa rangi tunauandikia sehemu sita, na uzee wenyewe ukija na mkongojo wake tunaupa sentensi nne na kikohozi.

Na msinitolee macho kwamba huyo ni Mzungu, ana BBC, ana pesa. Nimewaambia kuhusu nywele.

Mwenyekiti ananionyesha vidole kumi, kwa hiyo haya mengine nakimbia. Vichekesho: nilitaka niwaeleze kwa kirefu Morecambe na Wise, wachekeshaji wa televisheni, walivyomvisha nguo za Malkia Cleopatra na kumfanya aongee Kiingereza kibovu kwa uso mkavu, na mtengenezaji wa filamu akamwona humo akampa A Touch of Class. Oscar ya pili ilitoka kwenye kipindi cha vichekesho. Wanaodharau vichekesho humu ndani wajue.

Siasa. Mwaka 1992 akaacha uigizaji moja kwa moja, akawa mbunge wa chama cha Labour, jimbo la Hampstead na Highgate, baadaye Hampstead na Kilburn, na akakaa miaka 23. Alikuwa naibu waziri kwenye uchukuzi tangu 1997 hadi 1999, akampinga Waziri Mkuu wake, Blair, juu ya vita vya Iraki, na 2010 alishinda kwa kura 42. Arobaini na mbili! Chama cha mpira cha mtaani kina wanachama zaidi. Aprili 2013, Bunge likimwomboleza Thatcher, Waziri Mkuu wa zamani, wenzake wanapanga maneno matamu, yeye akasimama akahesabu madhara ya sera zile moja moja, akasema yale tuliyofundishwa kuwa ni maovu, ulafi na ubinafsi, yaligeuzwa kuwa sifa. Upande wa pili wakamzomea, wakataka Spika amkalishe chini. Spika akasema hajavunja kanuni yoyote. Tafuteni mwone anavyopumua. Wanamzomea, yeye anaendelea mpaka mwisho. Mnaosema alipoteza miaka 23 ya mazoezi, mimi naona alikuwa mazoezini.

Baada ya Lear akaenda Broadway, New York, na Three Tall Women ya Edward Albee, akapata tuzo ya maigizo ya Tony 2018. Angalieni jina la mchezo, wanawake warefu watatu, na aliyewaandika ni mwanamume, kwa hiyo wakaka msijifiche nyuma ya "mimi wanawake siwajui". Mwaka uliofuata akarudi New York na Lear, mara nane kwa wiki, ana miaka 82. Mwaka huohuo BBC ikampa Elizabeth Is Missing, mama anayesahau kila kitu lakini anamtafuta rafiki yake kwa ukali wa askari. Hilo nalo lilitaka nusu saa, tumeishiwa.

Alifariki nyumbani kwake London tarehe 15 Juni 2023, ana miaka 87. Filamu yake ya mwisho, The Great Escaper, ilitoka Oktoba. Yumo na Michael Caine, ambaye mara ya mwisho walikuwa wamecheza pamoja 1975. Mzee mkongwe wa vita anatoroka nyumba ya wazee kwenda Ufaransa kwenye kumbukumbu, na Glenda ni mke anayebaki kumfichia siri. Kitandani, na vidonge, na mdomo mchafu kweli kweli. Kwa kipimo chetu huyo ni bibi kamili, hata mkeka ungemfaa.

Anaitwa Rene.

Haya, maswali. Wewe wa shati la njano, nimekuona tangu nilipotaja mkeka.