Kwa nini siweki turbo kwenye Miata yangu

Habari zenu wadau. Leo narekodi nikiwa gereji, maana kila nikiweka video swali ni lile lile kuhusu turbo, kile kifaa cha kuipa injini nguvu zaidi: "Kaka, gari la spoti hilo, mbona hulitii turbo ukawaonesha?" Wengine mnasema najionesha, wengine mnasema nalalamika wakati niko Marekani. Gari hili nimelinunua kwa zamu za usiku ghalani, miaka miwili, na ninalipenda. Naomba mnisikilize hadi mwisho.

Ninachoshindana ni autokrosi, mbio za kushindania muda. Wakenya, najua kwenu autokrosi ni vumbi na bagi, vile vigari vyepesi vya mbio. Huku Lincoln, Nebraska, tunakimbia kwenye lami, gari moja moja, njia imepangwa kwa koni. Ukiangusha koni moja unaongezewa sekunde 2. Fainali za taifa za SCCA, chama cha magari ya spoti cha Marekani, zimekuwa zikifanyika mji huu tangu 2009, kwa hiyo wanaojua sheria hapa ni wengi, na macho yao ni makali.

Sasa madaraja, yaani makundi ya magari kulingana na yalivyobadilishwa: Street, Street Touring, Street Modified. Daraja lako linaamuliwa na kifaa kimoja tu, kile kilichovuka mpaka kuliko vingine vyote. Kwenye Street unaruhusiwa kubadilisha shokapu, lakini springi ziwe za kiwandani na kompyuta ya injini isiguswe. Ukigusa springi au kompyuta, nenda Street Touring. Ukiongeza turbo ambayo gari halikuzaliwa nayo, umeingia Street Modified, na huko utakutana na watu waliojenga magari yao miaka kumi. Turbo peke yake haikufikishi popote kule. Utataka rimu pana, matairi, breki, na hela ya kurudia kila kinachokatika.

Mimi nilidanganywa. Aliyeniuzia hii Mazda MX-5 ya 2016, ambayo huku wanaiita Miata, aliniambia kilichobadilishwa ni shokapu tu. Kadi ya gari ilikuwa bado benki kwa sababu ya mkopo wake, nikaisubiri wiki kumi na moja huku gari limekaa bila namba na bima nalipia. Kila nikipiga simu naambiwa barua iko njiani. Iliponifikia nilikuwa nimechoka, sikukagua chochote, nikajiandikisha Street.

Mashindano ya nne, mzee mmoja akapiga magoti karibu na gurudumu langu la nyuma na tochi. Akafuta tope kwa kidole gumba. Springi ilikuwa nyeusi kama ya kiwandani, ila chini ya tope namba yake haikuwa ya Mazda. Aliniambia taratibu, bila kunifokea. Nilikwenda mwenyewe kwa waandaaji nikaomba muda wangu wote ufutwe, pamoja na ile nafasi ya tatu niliyowaonesha hapa kwa furaha. Bado kuna walioandika kwamba niliiba. Hilo limeniuma kuliko hela.

Baadaye fundi akagundua hata kompyuta ya injini ilishachokonolewa. Nikapiga hesabu: kuirudisha hali ya kiwandani, au kukubali Street Touring. Nimechagua Street Touring kwa sababu vifaa vingi vinavyotakiwa tayari vimo, na matairi ni yale yale ya Street, ya alama 200 kwenda juu, namba inayoonesha tairi linavyochelewa kuisha. Nikitoa turbo kwenye hesabu, napata viingilio vya msimu mzima na bado mama anapata ada ya wadogo zangu Morogoro.

Kuna anayesema daraja la juu lina heshima zaidi. Hapana. Ili kulinganisha madaraja, muda wa kila mtu unazidishwa kwa namba ya daraja lake. Tuseme ni 0.8, sekunde zako 40 zinahesabika 32. Gari likichezewa zaidi, namba nayo inapanda, nafuu inapungua. Ukiwa na turbo ambayo hujui kuitumia kwenye kona, hesabu inakuumbua.

Hayo ni yangu, kwa mfuko wangu na gari langu. Wewe mwenye hela na gereji, Street Modified inaweza kukufaa kabisa.

Na yule ndugu wa Houston aliyeuliza kuhusu gari la mkononi "lililofanyiwa vitu vidogo": kabla hujalipa, omba risiti za kila kifaa, uliza springi za zamani ziko wapi, halafu ingia chini na tochi usome namba. Nitumie picha, nitakujibu Jumapili nikitoka uwanjani.